Momentamu, Nishati au Impalsi: Zana Ipi Uishike Kwanza Katika Swali la Mgongano

Katika muda ambao nimekaa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Dodoma, pamoja na baadhi ya wale wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, makosa mengi niliyoyaona katika maswali ya migongano yalikuwa yamekwisha kufanyika kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwanafunzi anazijua fomula zote, anaweza kuzikariri usiku wa manane, lakini akisoma kwamba behewa moja limegonga jingine hushika ile iliyo karibu na kumbukumbu yake. Mara nyingi hushika ya nishati, na hapo ndipo anapopotea. Kwa hiyo nimeona ni vema kuziweka zana hizi tatu bega kwa bega na kuonyesha ni swali la aina gani linaloihitaji kila moja.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Momentamu ni tungamo la kitu ukizidisha kwa kasi yake, na ina mwelekeo: kinachokwenda upande wa Morogoro kikipewa alama ya kujumlisha, kinachokwenda upande wa Singida hupewa alama ya kutoa. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo ukizidisha kwa kasi iliyopigwa kipeo cha pili, na haina mwelekeo wowote. Impalsi ni kani ukizidisha kwa muda ambao kani hiyo imefanya kazi, nayo ni sawa na badiliko la momentamu la kitu kilichosukumwa. Wapo wanaoiita impalsi kwa jina la msukumo. Mimi naliepuka jina hilo darasani, kwa sababu katika maongezi ya kila siku msukumo ni kani yenyewe, na mwanafunzi akizichanganya hizo mbili husahau kuzidisha kwa muda.

Mgongano huitwa nyumbufu ikiwa jumla ya nishati mwendo baada ya kugongana ni ile ile iliyokuwapo kabla. Ikiwa sehemu yake imegeuka kuwa joto, sauti au mbonyeo wa chuma, mgongano huo si nyumbufu. Upotevu huwa mkubwa kuliko wote pale vitu viwili vinaponasana na kuendelea kama kitu kimoja. Kati ya ncha hizo mbili iko migongano karibu yote tunayoiona kwa macho.

Sasa tulinganishe kwa hesabu moja. Chukua mfano wa behewa tupu la tani 20 linalosukumwa katika uwanja wa kupangia mabehewa kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, likaligonga behewa lenye shehena, tani 40 kwa jumla, lililosimama kwenye reli tambarare bila kufungwa breki. Tuuruhusu mgongano huo utokee kwa namna tatu: kwa springi kamilifu zinazorudisha nishati yote, kwa springi zinazorudisha nusu ya kasi ya kukaribiana, na kwa kiungo kinachojifunga palepale mabehewa yanapokutana.

| Namna ya mgongano | Kasi ya behewa tupu baadaye | Kasi ya behewa lenye shehena baadaye | Nishati mwendo iliyopotea | Impalsi iliyopokewa na behewa lenye shehena |
|---|---|---|---|---|
| Nyumbufu kabisa | mita 1 kwa sekunde, kurudi nyuma | mita 2 kwa sekunde | jouli 0 kati ya 90,000 | nyutoni-sekunde 80,000 |
| Wa katikati | limesimama | mita 1.5 kwa sekunde | jouli 45,000 | nyutoni-sekunde 60,000 |
| Wa kunasana | mita 1 kwa sekunde | mita 1 kwa sekunde | jouli 60,000 | nyutoni-sekunde 40,000 |

Jumla ya momentamu sikuiwekea safu, kwa kuwa ingekuwa tarakimu ile ile mara tatu: kilogramu-mita kwa sekunde 60,000 kabla ya mgongano, na 60,000 baada yake, hata katika mstari wa kwanza ambako behewa moja linarudi lilikotoka. Hilo peke yake linatosha kukuambia ni zana gani ya kuanzia. Momentamu haikuulizi ugumu wa springi wala aina ya kiungo. Nishati mwendo inauliza hayo yote.

Angalia yanayompata mwanafunzi aliyeanza na nishati katika mgongano wa kunasana. Anasema jouli 90,000 zilizokuwapo sasa zinabebwa na tani 60, anakokotoa, na kupata mita 1.73 kwa sekunde badala ya mita 1. Jibu hilo halina sura ya kutisha, na kwa haraka linaweza kupita. Lakini lizidishe kwa tani 60 utaona kwamba mabehewa yamepata momentamu ya karibu 104,000 wakati yaliyoingia nayo ilikuwa 60,000. Hakuna aliyeyasukuma kutoka nje, kwa hiyo ziada hiyo haikutoka popote, na jibu lazima litupwe.

Kwa nini momentamu ni ya kuaminika hivyo ilhali nishati mwendo si ya kuaminika? Sababu hii husahaulika hata na wanaofaulu vizuri, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Behewa la kwanza linaposukuma la pili, la pili nalo linalisukuma la kwanza kwa kani iliyo sawa na yenye mwelekeo wa kinyume. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Muda wa kugusana nao ni mmoja kwa yote mawili, kwa maana haiwezekani mimi nikuguse kwa robo sekunde na wewe uniguse kwa nusu sekunde. Kani zikiwa sawa na muda ukiwa mmoja, impalsi mbili hizo ni sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo, nazo zinafutana. Nishati hufuata kani ikizidishwa kwa umbali, na umbali hauna lazima ya kuwa mmoja. Wakati vyuma vinabonyea, sehemu ya nyuma ya behewa linalogonga husogea zaidi kuliko behewa linalogongwa, na tofauti hiyo ya umbali ndiyo inayomeza nishati. Springi nzuri hurudisha ilichomeza. Chuma kilichojikunja hakirudishi, kinabaki kimejikunja na cha moto kidogo.

Momentamu nayo ina sharti lake. Jumla yake haibadiliki pale tu ambapo impalsi kutoka nje ni ndogo kiasi cha kupuuzwa katika muda wa mgongano wenyewe. Breki za behewa la pili zikiwa zimefungwa, msuguano wa reli utachukua sehemu, ingawa kwa mgongano wa sehemu ndogo ya sekunde sehemu hiyo mara nyingi ni ndogo. Katika mteremko, uvutano unalisukuma behewa kila sekunde inayopita, kwa hiyo huwezi kuchukua momentamu ya juu ya kilima na kudai ndiyo iliyofika bondeni. Hapo ndipo nishati inaposhika zamu: ikiwa msuguano unaweza kupuuzwa, chochote kilichoshuka mita 10 za wima kuanzia kusimama hufika chini kikiwa na kasi ya mita 14 kwa sekunde, karibu kilomita 50 kwa saa, kiwe kizito au chepesi.

Maswali magumu kwa kawaida huunganisha hatua hizo, na njia nzuri ya kuzielewa ni kuzijaribu kwa mikono. Jaza mchanga katika mfuko mpaka ufike kilogramu 4.9, uuning'inize kwa kamba ya mita 2 kwenye tawi, kisha mtu arushe jiwe la gramu 100 likanase ndani ya mfuko. Tuseme jiwe lilikuja kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mfuko utapanda kiasi gani? Anayeruka moja kwa moja kutoka nishati ya jiwe hadi kimo cha mfuko atasema jouli 20 zinainua kilogramu 5 kwa sentimita 41 hivi, na mfuko utayumba zaidi ya mita moja kwenda mbele. Anayefuata hatua atatumia kwanza momentamu katika kunasa kwa jiwe, apate kasi ya mita 0.4 kwa sekunde, kisha atumie nishati katika kupanda kwa mfuko, apate milimita 8. Kwa kamba ya mita 2, kimo hicho kinaonekana kama mfuko kusogea sentimita 18 hivi kwenda mbele. Tofauti ya vimo ni mara 50, na si bahati nasibu, kwa kuwa tungamo la pamoja ni mara 50 ya lile la jiwe. Kati ya jouli 20 imebaki 0.4 tu, nyingine zote zimekwenda kusugua mchanga. Huhitaji maabara kujua nani yuko sahihi, unahitaji rula na mtu wa kuangalia. Benjamin Robins, mwanahisabati wa Uingereza, alitumia wazo hili hili mnamo miaka ya 1740 kupima kasi ya risasi, kwa gogo la mbao lililoning'inizwa badala ya mfuko wa mchanga.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, likate tukio vipande: kabla ya kugusana, wakati wa kugusana, na baada ya kuachana. Kipande cha katikati ni cha momentamu. Vipande vya pembeni, hasa vyenye miteremko, springi na kamba, aghalabu ni vya nishati.

Hata hivyo ipo migongano ambayo momentamu peke yake haiwezi kuimaliza. Vitu viwili vinapoachana kila kimoja na kasi yake, una visivyojulikana viwili, na momentamu inakupa mlinganyo mmoja tu. Mlinganyo wa pili lazima utoke katika maelezo ya namna vitu vinavyodunda. Ikiwa swali limesema mgongano ni nyumbufu, unaruhusiwa kutumia nishati mwendo, lakini nashauri utumie njia yake fupi: katika mgongano nyumbufu wa mstari mmoja, kasi ya kuachana ni sawa na kasi ya kukaribiana. Katika mfano wetu behewa tupu lilimkaribia mwenzake kwa mita 3 kwa sekunde, na baadaye moja linarudi kwa mita 1 huku jingine likienda kwa mita 2, kwa hiyo wanaachana kwa mita 3. Njia hii inatokana na nishati yenyewe, ila inakuepusha na vipeo vya pili ambavyo huzaa makosa mengi ya aljebra. Ikiwa mgongano si nyumbufu, swali litakupa uwiano wa kasi ya kuachana kwa kasi ya kukaribiana, ambao mimi huuita uwiano wa kudunda. Ni 1 kwa mgongano nyumbufu kabisa, 0 kwa kunasana, na katika mstari wa katikati wa jedwali letu ulikuwa 0.5.

Newton mwenyewe aliupima uwiano huo kwa mipira iliyoning'inizwa kwa nyuzi, na akaeleza matokeo katika kazi yake kubwa ya mwaka 1687: mipira ya sufu iliyobanwa sana ilirudisha takriban 5/9 ya kasi, na ya kioo takriban 15/16. Gololi tulizochezea utotoni ni za kioo, na ndiyo maana zinafaa sana kuonyesha mgongano unaokaribia unyumbufu. Gololi moja ikiipiga mwenzake wa tungamo sawa katikati kabisa, ya kwanza hukaribia kusimama na ya pili huondoka na karibu kasi yote. Ikiipiga kwa pembeni, na tukipuuza kubingirika kwake, zinaachana kwa pembe inayokaribia nyuzi 90. Matokeo haya ya pili nayapenda kuliko yote katika mada hii, kwa sababu yanahitaji zana zote mbili kwa pamoja. Momentamu inasema mishale ya kasi mbili za baadaye ikiunganishwa na ule wa kasi ya mwanzo inafunga pembetatu. Nishati inasema vipeo vya pili vya zile mbili vikijumlishwa vinatoa kipeo cha pili cha ile ya mwanzo. Na pembetatu yenye sifa hiyo ni ile ya Pythagoras, yenye pembe mraba. Zana moja peke yake isingekufikisha hapo.

Impalsi ndiyo inayobaki nyuma katika vichwa vya wengi, kwa kuwa maswali ya kukokotoa kasi yanaweza kumalizika bila kuitaja. Umuhimu wake unaonekana pale swali linapouliza kani. Momentamu na nishati hazikuambii mgongano ulikuwa mkali kiasi gani. Zinakuambia tu hali ya kabla na ya baada. Ukiujua muda wa kugusana, gawanya badiliko la momentamu kwa muda huo upate kani ya wastani. Ukiujua umbali wa kubonyea, gawanya nishati iliyomezwa kwa umbali huo. Njia mbili hizi zikipewa tukio moja, na kani ikiwa haibadiliki wakati wa kugusana, zinakubaliana, na chaguo lako linategemea tu swali limekupa sekunde au limekupa sentimita.

Chukua kichwa cha abiria wa bodaboda, tukikadiria tungamo lake kuwa kilogramu 5, kinachofika kwenye lami kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Kina momentamu ya 30 na nishati ya jouli 90, awe amevaa kofia ngumu au hakuvaa. Povu la ndani ya kofia likibonyea milimita 25, kani ya wastani ni nyutoni 3,600. Bila kofia, tuseme kuna milimita 3 tu za kubonyea, kani inafika nyutoni 30,000. Ukitaka kwa njia ya impalsi, muda wa kusimama kwa mwendo unaopungua sawasawa ni sekunde 0.0083 katika hali ya kwanza na sekunde 0.001 katika ya pili, na ukigawanya 30 kwa muda huo unapata kani zile zile. Naomba kila mwanafunzi anayepanda bodaboda kwenda shuleni aifanye hesabu hii walau mara moja, kisha aifunge mikanda ya kofia yake.

Ubishi juu ya zana ipi ndiyo kipimo cha kweli cha mwendo si wa wanafunzi wetu tu. Mwaka 1686 Gottfried Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Ujerumani, aliwapinga wafuasi wa mwanafalsafa Mfaransa René Descartes waliopima mwendo kwa tungamo mara kasi, akidai kipimo sahihi ni tungamo mara kipeo cha pili cha kasi. Baadaye mwanafizikia Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi, na ikaonekana kwamba mpira unaofika kwa kasi maradufu unachimba shimo lenye kina mara nne. Mwanafizikia Émilie du Châtelet aliitetea hoja hiyo kwa nguvu nchini Ufaransa. Leo tunaona kila upande ulikuwa umeshika kitu cha kweli. Treni ya umeme inayokuja Dodoma kwenye reli ya kisasa imejengewa uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Ikifunga breki kwa kani ile ile, katika kasi hiyo itachukua muda maradufu kusimama kuliko ingekuwa na kilomita 80, lakini itakula umbali mara nne. Muda unafuata momentamu, umbali unafuata nishati. Dereva anayeangalia kizuizi mbele yake anahitaji umbali.

Kuna chaguo jingine ambalo si la fomula bali la maisha: ni mgongano wa aina gani tungependa utokee pale usipoepukika? Wengi hudhani ule unaopoteza nishati nyingi ndio mbaya zaidi. Rudi kwenye jedwali uangalie safu ya mwisho. Behewa lililogongwa kwa springi kamilifu lilipata impalsi mara mbili ya lile lililonaswa, kwa sababu mgongano nyumbufu haukomei kusawazisha mwendo, unaurudisha kwa upande wa pili. Kwa muda sawa wa kugusana, kani ya wastani nayo ni mara mbili. Ndiyo maana sehemu ya mbele ya gari hutengenezwa ijikunje: kujikunja huongeza muda na umbali, na hakurudishi nishati kwa abiria. Lakini nishati iliyopotea lazima iingie mahali. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu hapa hapa mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Mgongano wa namna hiyo si nyumbufu hata kidogo, na nishati iliyokusanywa na mteremko mzima iliishia katika mabehewa yenye watu. Sijawahi kuutumia kama swali la mtihani, na sitautumia. Nautaja ili mwanafunzi ajue kwamba anapoandika «nishati iliyopotea» anatakiwa ajiulize imepotelea kwa nani.

Kwa anayekabili karatasi ya mtihani, lugha ya swali yenyewe hutoa dalili. Ukiambiwa vitu vilishikamana, vilinasana au viliendelea pamoja, andika momentamu na usiiguse nishati mpaka umeipata kasi ya pamoja. Ukiambiwa mgongano ni nyumbufu, andika momentamu kisha kasi ya kuachana. Ukiulizwa kani, tafuta muda au umbali uliotajwa. Swali likikaa kimya kabisa juu ya aina ya mgongano, tazama kama limekupa kasi ya kitu kimojawapo baada ya kugongana, kwa kuwa hapo momentamu peke yake inatosha, na nishati utaikokotoa mwishoni kuona ni kiasi gani kimepungua. Ukikuta imeongezeka, na hakuna springi iliyobanwa wala baruti iliyotajwa, rudi mwanzo ukague alama za kujumlisha na kutoa.